Zamu ya Binamu

Simu ilinikuta shambani, kijijini kwetu upande wa Mvumi, mikono imejaa mbegu za uwele. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha juzi yake, na mtu wa Dodoma haichezei mvua ya kwanza. Ukiilalia, mwaka huo utashiba kwa macho. Nilikuwa nimefunga kibanda changu cha ushonaji Nzuguni nikaja kumsaidia mama kupanda. Mbele yangu binamu yangu, mtoto wa mjomba, alikuwa anachimba mashimo, nami namfuata natupia mbegu na kufukia kwa mguu. Kwetu binamu ni mtani, na tangu asubuhi alikuwa ananiita mke wake mvivu.

Sauti ya kwenye simu ilikuwa ya mwanaume nisiyemfahamu. Aliniuliza kama mimi ni ndugu wa fulani, akataja jina la binamu yangu kamili, la kwake na la baba yake. Nikasema ndiyo.

"Pole, dada. Ndugu yako ameumia melini alfajiri hii. Mguu umebanwa na kontena, amewahishwa hospitali. Njooni."

Nikamtazama binamu, jasho linamtiririka mgongoni, miguu yote miwili imezama kwenye udongo. Nikacheka. Nikamwambia, "Wewe, unaambiwa umeumia bandarini, njoo ujipeleke hospitali." Mama, aliyekuwa ng'ambo ya pili ya shamba, naye akacheka. Binamu peke yake hakucheka. Aliweka jembe chini taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akaniuliza, "Wametaja jina langu?"

"Jina lako."

Akakaa kwenye udongo mbichi, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Basi ni yeye," akasema.

Yeye alikuwa mdogo wangu wa kiume. Kwa mama tulizaliwa wawili tu, mimi na yeye.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu kila niliyemsimulia ameniuliza swali lile lile: iliwezekanaje. Iliwezekana kwa sababu ya mvua. Mjomba, mdogo wake mama, alikwenda Pwani akiwa kijana, akaanza kwa kubeba magunia bandarini, akapanda mpaka akawa nyapara wa genge, yaani msimamizi wa kikundi cha vibarua wanaopanda melini kufungua vyuma vinavyoshika makontena kabla winchi halijayanyanyua. Alipopata cheo hakusahau kwao. Kijana akimaliza shule kijijini na hana mbele wala nyuma, mjomba anamwita. Genge lake likawa la vijana wa kwetu watupu, na ukisimama karibu nao wakiwa kazini, nadhani ungesikia Kigogo zaidi kuliko Kiswahili. Mwanawe alikuwemo, na mdogo wangu alikuwemo.

Sasa kibarua asipofika zamu yake, nafasi inachukuliwa na mwingine, na nje ya geti wamejaa wanaosubiri. Lakini mvua zikianza, kila kijana wa genge lile ana shamba linalomwita nyumbani, ana mama mzee au mke anayeangalia mawingu. Wakabuni njia. Wawili wawili, mmoja anakwenda nyumbani kupanda mashamba yote mawili, lake na la mwenzake. Anayebaki anafanya zamu zote mbili, ya kwake kwa kadi yake ya geti na ya mwenzake kwa kadi ya mwenzake. Mwaka unaofuata wanabadilishana. Waliita kushikiana. Kwa watu waliokulia kwenye kulimiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, hakukuwa na jambo la kawaida zaidi. Mjomba alijua, na nadhani alijivunia. Hata mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilisema hawa watoto wana akili.

Kwa hiyo siku ile binamu alikuwa anapanda shamba letu, na mdogo wangu alikuwa amemaliza zamu yake ya mchana akaunganisha na zamu ya usiku, zamu ya binamu, akiwa na kadi ya binamu shingoni. Alfajiri winchi likanyanyua kontena ambalo upande mmoja lilikuwa bado limefungwa. Kontena likayumba. Mtu aliyepata usingizi wa kutosha angeliona. Mdogo wangu alikuwa hajalala.

Nilipofika hospitali niliuliza wodi kwa jina la mdogo wangu, nikaambiwa hakuna mgonjwa huyo. Nikauliza kwa jina la binamu, nikaonyeshwa kitanda. Mguu wa kulia ulikuwa umeshakatwa chini ya goti. Nilimkuta macho yako juu, kwenye dari. Aliponiona alisema, "Shikamoo, dada," kisha akauliza kama mbegu zimeingia ardhini kabla ya jua kurudi. Nikamwambia zimeingia. Nesi akapita na dawa, akaita jina la binamu, na mdogo wangu akaitika.

Mjomba alikuwa amesimama dirishani. Alikuwa amezeeka katika siku zile chache, shavu limeingia ndani. Akanivuta kando.

"Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite," akasema. "Kampuni iliyotuajiri imeshaandika kwamba aliyeumia ni yule wa kwenye kadi. Fidia ipo, ni haki ya mfanyakazi, hata sisi vibarua tumo. Ataandikiwa pensheni ya kila mwezi, atapewa mguu wa bandia. Ila ni kwa jina lile. Tukisema kweli, genge zima linafukuzwa kesho."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nilikuwa nautazama ule mguu usiokuwepo, jinsi shuka lilivyolala tambarare pale palipotakiwa pawe na kitu.

Tulimrudisha Dodoma, nyumbani kwangu Nzuguni, pamoja na mkewe na binti yao mdogo aliyekuwa ndio kwanza anaanza chekechea. Mama akahamia kuja kumuuguza. Nyumba yangu ya vyumba viwili ikajaa, nami nilifurahi ijae, maana nilikuwa naogopa ukimya wa mdogo wangu kuliko chochote. Mwanaume aliyekuwa anapanda juu ya makontena kama kima sasa alihitaji mtu wa kumshika akienda chooni. Hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikuwa anasema asante kwa kila kitu, mpaka nikamwambia ukiniambia asante tena nakupiga na hilo gongo lako.

Mjomba alipiga simu kila jioni. Ingefika siku, alisema, ambapo madaktari wa fidia wangemwita kumpima na maafisa kumhoji. Siku hiyo akiitwa jina la binamu asisite hata kidogo. Kwa hiyo akatoa agizo: kuanzia sasa, ndani ya nyumba, wote tumwite kwa jina hilo ili alizoee.

Sijui kama nicheke au nilie nikikumbuka wiki zile. Mkewe alijaribu. Anasimama mlangoni na sahani ya ugali wa uwele na mlenda, anavuta pumzi, anamwita mumewe kwa jina la shemeji yake, halafu anaona aibu, anageuka. Mdogo wangu anaitika kwa kuchelewa, kama simu za zamani. Binti yao ndiye aliyekataa katakata. "Baba si huyo," alisema, na kila jina lile likitajwa alirudia, "Baba si huyo," mpaka mama yake akambana mdomo kwa kiganja. Mtoto akalia, na baba yake akageukia ukuta.

Mama alivumilia kwa muda, kisha mjomba alipopiga akaomba simu. Mama ni mtu wa sauti ndogo. Siku hiyo majirani walimsikia.

"Mdogo wangu, jina la huyu mtoto nililitoa wapi?"

Mjomba akajibu kitu.

"Ni la baba yetu, mimi na wewe. Sasa unataka mwanangu alivue jina la baba yetu, alilaze nje, avae la mtu ambaye yuko hai, anakula na anatembea? Siku akifa tutamlilia nani?"

Baada ya hapo hatukumwita tena kwa jina lile. Lakini jina peke yake halikutatua jambo. Barua ya kumwita ingekuja, na tungejibu nini?

Nikaenda mwenyewe. Siku hizi Dodoma ni mji wa ofisi, na mimi nimewashonea sare wake kwa waume wa ofisi hizo. Siogopi lango la mtu. Nilikwenda kwenye ofisi ya fidia kwa wafanyakazi, nikakaa mbele ya afisa, msichana mdogo kwangu kiumri, mwenye ushungi wa kijani na sauti ya mtu aliyelelewa. Aliniamkia kabla sijakaa. Nikamweleza kisa kana kwamba ni cha jirani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo jirani yako, dada, mpende sana, kwa sababu anaelekea kubaya."

Aliniambia siku hizi vidole vinasoma. Akiweka kidole kwenye mashine, jina litajitaja lenyewe, na hapo itakuwa kosa la jinai juu ya ulemavu. Nikaanza kunyanyuka. Halafu akasema jambo lililonirudisha kwenye kiti.

"Lakini sheria haiangalii kadi ya nani ilikuwa shingoni. Inaangalia nani aliumia akiwa kazini. Kama alikuwa pale, amepangiwa kazi na msimamizi wake, anafanya kazi ya mwajiri, basi aliumia kazini. Mambo ya kadi watayazungumza na mwajiri wao. Anachohitaji ni msimamizi aje aseme: huyu ndiye niliyempanga, huyu ndiye aliyeumia. Neno la nyapara hapo ni zito kuliko karatasi zote."

Nilitoka pale nakimbia kama msichana. Kumbe mlango upo! Ulikuwa umesimama wazi muda wote, na ufunguo wake ulikuwa mdomoni mwa mjomba.

Mjomba alikataa. Nilimpigia, akakata. Nikampigia tena, akasema genge lake ni nusu ya vijana wa kijiji, wote wameshikiana, ukivuta uzi mmoja kanzu yote inafumuka. Alisema kampuni wataangalia kadi moja baada ya nyingine. Mwanawe ndiye atakuwa wa kwanza kutupwa nje, na yeye wa pili. "Na wewe unayejua sheria," akaniambia, "utawalisha?" Nilimjibu maneno ambayo mtu hamwambii mjomba wake. Mama akanipokonya simu.

Aliyemlainisha ni mama, bila ukali. Alimwambia tu, "Njoo umwone." Akaja kwa ile treni ya umeme, na binamu akaja naye. Mjomba aliingia uani akitoa salamu ya kwetu, "Mbukwenyi," akakuta mdogo wangu anajifunza kutembea na magongo kutoka mlangoni hadi kwenye karo la kufulia. Mdogo wangu akamwamkia, akataka kuharakisha kumletea kiti kama ilivyo desturi, gongo likateleza kwenye maji ya sabuni, akaanguka kifudifudi miguuni pa mjomba. Binamu akaruka kumdaka, akachelewa. Mjomba alisimama palepale, mfuko wa zawadi mkononi.

Jioni hiyo, bila kuombwa, alisema, "Nitakwenda. Nitasema." Binamu akainama. Akasema, "Baba, wafute kadi yangu. Nitalima." Mimi nikachinja kuku wangu bora, jogoo niliyekuwa nimemlea kwa ajili ya sikukuu, na nilikula kwa furaha ambayo sikuwa nayo tangu mvua za kwanza.

Asubuhi yake tukaenda, mama, mjomba, mdogo wangu na mimi. Binamu tulimwacha nyumbani, maana mjomba alisema maneno yake mwenyewe yatatosha. Mdogo wangu alivaa shati jeupe nililomshonea na suruali niliyoikunja na kuishona upande wa kulia. Alinyoa ndevu. Nilimwona akijitazama kwenye kioo cha kibandani kwangu, ananong'ona jina lake mwenyewe, la babu, kama mtu anayejaribu kiatu alichokiacha muda mrefu.

Yule afisa alitupokea vizuri. Alimwamkia mama na mjomba, akamwambia mdogo wangu akae kiti chenye mikono. Akaeleza tena kwa upole kwamba hakuna anayetafutwa hapa, kinachotafutwa ni ukweli wa aliyeumia. Kisha akamgeukia mjomba.

"Mzee, huyu unamfahamu?"

"Namfahamu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu huyu hapa."

"Yumo kwenye genge lako?"

"Yumo."

"Siku ya ajali, alfajiri ile, alikuwa melini?"

Mjomba akavua kofia, akaiweka gotini. Akamtazama mdogo wangu, akamtazama mama, kisha akatazama meza.

"Siku hiyo hakuwepo," akasema. "Alikuwa nyumbani, analima. Mvua zilikuwa zimeanza."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mjomba ilikuwa ndefu, ilitoka Pwani mpaka Dodoma, ikapita mezani kwangu na kula jogoo wangu.

Nilisimama. Nilipiga kelele, sikumbuki zote, nakumbuka nilisema, "Mjomba, muogope Mungu!" na kwamba mtu wa ofisi ya jirani alichungulia mlangoni. Mama hakusema kitu kwa Kiswahili. Alimwita mdogo wake kwa Kigogo, mara moja, taratibu, kama unavyomwita mtoto anayekaribia kisima. Mjomba hakuitika. Kidevu chake kilikuwa kinatetemeka, na alikuwa anakikaza kwa nguvu zote kisionekane.

Afisa alininyanyulia mkono nikae. Akamgeukia mdogo wangu.

"Kaka, mwenye madai ni wewe. Mzee amesema lake. Mimi nataka neno lako. Ukiniambia ulikuwepo, nitalifuata, nitatafuta mashahidi wengine, nitakwenda mpaka huko bandarini. Usiogope. Alfajiri ile ulikuwa wapi?"

Nikamwangalia mdogo wangu kwa macho yanayosema, sema. Nilikuwa tayari nimeshaona mguu wa bandia, nimeshamwona anarudi kutoka msalani peke yake. Yeye hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia mjomba, kile kidevu, ile kofia gotini. Nimeutafakari mtazamo ule mara nyingi. Hakukuwa na hasira ndani yake. Alikuwa anamwonea huruma.

"Ni kama mjomba alivyosema," akajibu. "Nilikuwa nalima."

Afisa alitazama suruali iliyokunjwa. Feni ilikuwa inazunguka juu yetu. "Na mguu?" akauliza, kwa sauti ya chini sana.

"Jembe la ng'ombe."

Yule binti alijua, uso wake wote ulijua. Aliweka kalamu chini akasema hawezi kuandika asichoambiwa, na kwamba mdogo wangu akibadili mawazo kabla muda wa kisheria haujapita, mlango wake uko wazi, aje hata peke yake. Kisha akatusindikiza mpaka kwenye ngazi, jambo ambalo sidhani anamfanyia kila mtu.

Kwenye ngazi mjomba alimshika mdogo wangu kwapani amsaidie kushuka. Mdogo wangu akamwachia amshike. Wakashuka hivyo, ngazi moja moja, mjomba akimwambia, "Taratibu, mwanangu, taratibu," na mimi nyuma yao nikitamani ngazi zile zisiishe, kwa sababu nilijua chini nitasema kitu kibaya. Nilikisema. Nilimwambia mjomba asikanyage tena kwangu. Alimpa mama mkono, mama akaushika muda mrefu bila kumtazama, kisha mjomba akaenda stesheni kwa miguu, kwenye vumbi na jua lile.

Nilimsubiri mdogo wangu mpaka tukabaki wawili.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Dada, ulitaka nimwite mjomba mwongo mbele ya mama?"

"Ni mwongo!"

"Najua."

"Na maisha yako? Na mkeo? Na mtoto?"

Aliweka sawa magongo yake, akasema, "Alikuwa anakufa pale, dada. Hukuona? Mimi mguu umeshakwenda. Yeye alikuwa anakwenda mzima mzima."

Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia mjomba. Bado namkasirikia. Watu wa kwetu tumefundishwa kwamba mkubwa haumbuliwi hadharani, hata akiwa amekalia shingo yako, na mimi nimeishi mjini vya kutosha kuona tumefundishwa vibaya. Adabu ile ndiyo iliyomkata mguu mara ya pili, na mara hii mkono wa kukata ulikuwa wake mwenyewe. Nikisema hivyo mama hunyamaza. Mara moja tu alinijibu. Alisema, "Nilimlea hivyo," akaendelea kuchambua mlenda.

Miezi yote ile nilimwomba arudi kwa yule afisa. Nilimwomba kwa upole, nikamwomba kwa matusi, nikamtuma mkewe, nikamtuma mchungaji. Alisema atafikiria. Muda ulipita, na siku ulipopita sikumwambia, ila nadhani alijua, kwa sababu nilivunja sindano mbili kwenye gauni la mteja nikalia kama mjinga.

Kampuni iliandika kwamba yule wa kwenye kadi alipata jeraha dogo na amepona. Binamu akarudi melini kwa jina lake mwenyewe. Mwanzoni alikataa, akasema hatagusa tena kadi ile, lakini ana watoto, na baba yake alimwomba kwa machozi. Utani kati yetu umekufa. Akija kijijini mvua zikianza, anapanda shamba letu kwanza ndipo aende lake, anapanda kimya, wala haniiti mke wake. Kushikiana kulikoma, ama niseme mjomba aliagiza kukome. Sijui. Mawingu yakikusanyika bado naona vijana kijijini ambao sielewi wametokaje bandarini.

Mdogo wangu yuko nami kibandani. Nimemfundisha kupinda marinda na kushona vifungo, ana mkono mzuri, na wateja wanampenda kwa sababu hana haraka wala kelele kama dada yake. Mguu wa bandia hatujaupata. Anatembea na magongo, na yameshamtia sugu kwapani. Kila mteja mgeni humuuliza ilikuwaje, naye hujibu kwa neno moja, jembe, kisha hurudi kwenye uzi wake. Mwanzoni nilikuwa natoka nje akilisema. Sasa naendelea kukanyaga cherehani.

Juma lililopita binti yake, ambaye sasa anasoma darasa la kwanza, aliketi juu ya mabaki ya vitambaa akamuuliza yeye mwenyewe. Mimi nilikuwa napima kola, nikasimamisha mkono. Nilifikiri: mtoto hamwogopi mkubwa yeyote, mbele yake hakuna wa kumlinda, hapa atasema. Akaanza kumsimulia. Alimwambia udongo ulikuwa mbichi. Alimwambia ng'ombe walikuwa wawili, mmoja mwekundu, mwingine mweusi mwenye baka jeupe usoni, na kwamba ni yule mweusi aliyeshtuka. Mtoto akauliza yule mweusi alishtuka nini. Mdogo wangu akafikiri kidogo, sindano mkononi, akamwambia alishtushwa na radi. Kwetu hatujawahi kuwa na ng'ombe.